Jicho la Njano

Pongwe, Tanga
14 Machi 1995

Fadhil,

Mtu mzima na ndevu zako, unakwendaje mnadani kununua mbuzi bila kumfungua mdomo ukamtazama meno? Ndivyo ulivyofanya. Umenunua gari huko Uarabuni, umelipakia melini, tumelipokea kwa vigelegele, na gari lenyewe linazimika njiani kama mzee aliyesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa. Umeniaibisha. Nimeanza na hilo makusudi, usije ukasoma salamu kwanza ukajiona umesamehewa.

Haya, salamu sasa. Shikamoo yako ya barua iliyopita niliipata, marahaba. Sisi wazima. Ramadhani nimeifunga yote. Mkeo Maryam alinikataza kwa ajili ya presha, nikamwambia presha ni yangu na mfungo ni wangu, yeye ashughulike na uji. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja ana doa jeupe kwenye paji. Mvua bado.

Mwanao Tuhfa hajambo, kakua, ana maneno kuliko redio. Uliondoka yuko tumboni, kwa hiyo baba kwake ni jina tu. Gari lilipoletwa Maryam akamwambia, "Hili la baba." Mtoto kaelewa anavyoelewa yeye, kwamba gari ndiyo baba. Basi kila asubuhi akishanawa uso anakwenda kusimama mbele ya taa, anashika mikono nyuma, anasema, "Shikamoo baba." Anangoja. Gari haliitiki. Watu wanaopita wanacheka. Mimi sicheki.

Sasa sikiliza la gari. Lilipofika tulilifanyia kila heshima inayostahili. Lilisomewa, likafukizwa ubani, likaogeshwa likaogeka. Wiki za mwanzo lilikwenda vizuri mno, ami yako Abass akibeba abiria kwenda mjini na machungwa kutoka Muheza, mpaka nikaanza kuchagua kiti cha kukaa nikienda harusini. Halafu likaanza vitimbi. Ukilitia swichi linakohoa. Ukiwasha taa kubwa, injini inataka kufa. Honi ilikuwa inapiga kelele mpaka kuku wanaruka, sasa inalia kama jogoo mwenye kifua. Na pale mbele ya usukani kuna kitaa cha njano, kina picha kama ya bomba, kimefumbua jicho hakifumbi.

Ami yako kabadilisha betri, kaweka mpya. Siku tatu, yale yale.

Akaitwa Ernesti, yule kijana wa kambi ya mkonge, siku hizi ana gereji pale njia panda na kofia ya kizungu. Kazunguka gari, kapiga mluzi, kasema, "Bibi, gari hili linaendeshwa na ubongo. Kuna boksi ndani, ndiyo ubongo. Ubongo umekufa." Nikamwambia, "Umeupima mapigo?" Akasema ubongo haupimwi, unabadilishwa, na hapa Tanga haupo. Nikamwambia, "Ernesti, marehemu baba yako nilimjua. Alikuwa hasemi jambo asilolijua, ndiyo maana alikuwa mkimya sana."

Lakini ami yako kashaamini. Anasema bora auziwe Mwinyijuma, yule anayekata magari vipande pale barabara ya Muheza na kuuza milango peke yake na taa peke yake. Zamani tulivaa mitumba, sasa tunapanda mitumba, na Mwinyijuma anakula mizoga yake.

Nijibu upesi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ni mimi bibi yako, na mkono ni wangu mwenyewe. Sikusoma kisomo cha watu wazima ili niandikiwe barua na Abass.

Mwanasiti binti Kombo


Sharja
3 Aprili 1995

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa ajili ya hasira. Barua imenifikia jana, nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Mimi mzima. Joto la huku limeshaanza kuchungulia. Tunalala wanane chumba kimoja, mmoja wetu Mpemba wa Wete, nikimsikia akisema nakukumbuka wewe ukigombana na muuza samaki. Mwambie Maryam barua yake nitaijibu mbali. Hilo la Tuhfa nimelisoma mara nyingi.

Bibi, kabla ya kuzungumza gari, nikwambie jambo moja. Mkataba wangu hapa gereji unakwisha mwisho wa Julai. Tajiri ananitaka nitie saini ya miaka miwili mingine. Mimi mpango wangu ulikuwa nimwambie hapana, nirudi, niendeshe gari langu, nile jasho langu nikiwa kwangu. Ndiyo sababu nilitanguliza gari. Lakini kama gari limekufa, nije nikae barazani mikono mitupu, watu waseme Fadhil kaenda Uarabuni miaka mitatu karudi na kofia? Kama limekufa kweli, nitatia saini.

Lakini sisadiki kuwa limekufa. Kile kitaa cha njano hakikuwekwa kwa ajili ya kutisha watu. Gari la namna hii likiugua, hujiandikia ugonjwa wake ndani, na ukiliuliza vizuri hukwambia kwa kukonyeza. Kuliuliza ni hivi. Fungua boneti. Upande wa betri kuna kijisanduku cheusi kidogo, kina kifuniko cha kubana. Ukikifungua, ndani ya kifuniko kumeandikwa majina ya matundu. Tafuta tundu lililoandikwa E1 na lililoandikwa TE1. Chukua kipande kifupi cha waya, chomeka ncha moja huku na nyingine kule. Kisha tia ufunguo, zungusha mpaka taa za usukani ziwake, lakini injini isiwashwe. Jicho la njano litaanza kukonyeza. Hesabuni, mniandikie.

Usiwaachie ami na Ernesti peke yao. Simama wewe. Na gari lisiuzwe.

Mjukuu wako,
Fadhil


Pongwe
27 Aprili 1995

Mume wangu Fadhil,

Wewe kweli mume wangu, maana mume hasa ndiye anayempa mkewe kazi ya kuinama kwenye boneti na mgongo wake unajulikana.

Salamu zako zimefika. Mvua zimeshuka kweli kweli, chooni tunakwenda na jembe. Yule mwanambuzi mwenye doa kafa, aliyebaki anakula nguo kambani. Maryam katoa jino, sasa anacheka kafunika mdomo kama mwari.

Hilo la saini nimelisoma. Silijibu leo. Nikilijibu leo karatasi itaungua.

Tuje kwenye gari. Fadhil, limesema! Limesema na mimi!

Nilimwita Ernesti, nikamwita na Abass. Ernesti akasema waya kwenye matundu utaunguza kila kitu, yeye hatii mkono. Nikamwambia, "Basi shika kofia yako, mkono natia mimi." Waya nimekata kwenye ile redio yako ya zamani, usinune, ilikuwa haisemi. Kifuniko nimekifungua mwenyewe. Herufi ndogo kama mayai ya chawa, lakini miwani ninayo. Nikasoma kwa sauti, E na moja, T na E na moja. Ernesti kaja kuchungulia begani kwangu, kasema, "Kumbe imeandikwa!" Nikamwambia imeandikwa tangu Japani, ilikuwa inamngoja mtu aliyekwenda shule ya jioni.

Nikachomeka. Abass akazungusha ufunguo. Mimi nikakaa kiti cha mbele na tasbihi yangu, maana kuhesabu kwa vidole kunanichanganya. Jicho likaanza! Likiwaka, nasukuma punje. Likiwaka, nasukuma punje. Watu wamejaa dirishani, nikawaambia anayekohoa namtoa. Nimefika kwenye kifundo cha tasbihi, thelathini na tatu, nikasimama. Nikarudia. Thelathini na tatu tena. Mara ya tatu, hivyo hivyo! Mpaka Ernesti, Mkristo wa watu, akasema, "Bibi, gari hili lina dini."

Basi jibu ndilo hilo. Thelathini na tatu. Tuambie ugonjwa gani tuutibu, nimeshawaambia watu kuwa limepatikana.

Tuhfa kauliza, "Baba amesema nini?" Nikamwambia amesema subiri.

Bibi yako


Sharja
13 Mei 1995

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Poleni na mbuzi, mwambieni Maryam pole ya jino. Mimi mzima, ila joto sasa linapika mtu na mifupa yake.

Bibi, umenifanya nicheke mbele ya tajiri. Lakini nikwambie pia umenitia hofu. Nilifungua kitabu cha gereji, nikatafuta thelathini na tatu, na ipo! Ni ugonjwa mwingine kabisa, wa kifaa kinachopumulia injini. Nilishachukua kalamu nikuandikie mkinunue. Usiku ule huyu Mpemba wetu akawa anasali, namsikia anavyovuta tasbihi, ndipo nikajiuliza: bibi yangu alisimama thelathini na tatu kwa sababu jicho lilisimama, au kwa sababu vidole vyake vimezoea kusimama pale tangu hajaolewa?

Jicho halisimami, Bibi. Linasema neno lile lile na kulirudia mpaka uchomoe waya. Ungekuwa na tasbihi ya punje elfu, lingekupa elfu.

Iache tasbihi ndani. Usihesabu idadi, sikiliza kimya. Linakonyeza mara kadhaa, linavuta pumzi fupi, linakonyeza tena mara kadhaa, kisha linavuta pumzi ndefu na kuanza upya. Nataka hesabu ya kabla ya ile pumzi fupi, na hesabu ya baada yake. Mbili tu hizo.

Fanya hima. Tajiri kauliza tena habari ya mkataba.

Fadhil


Pongwe
22 Mei 1995

Fadhil,

Sina salamu. Barua yako haijafika na mimi siwezi kuingoja.

Leo asubuhi Abass kaja na Mwinyijuma. Mwinyijuma kavaa kanzu safi kama anakuja kuposa. Kazunguka gari anagonga milango kwa kidole, koko koko, anasikiliza, kama mtu anayechagua nazi. Nikamwuliza, "Unamtafuta nani humo ndani?" Akasema, "Bibi, mimi namsaidia Abass tu, gari likikaa mvuani linaoza." Nikamwambia, "Na mimi nakaa mvuani, mbona hujaja kuninunua?"

Abass akasema nisimwaibishe mbele ya watu, gari anaangalia yeye. Nikamwambia, "Unaangalia, hujapewa. Mwenyewe yu hai na ana bibi." Nikafungua mlango, nikaingia, nikafunga vioo na makomeo yote. Mkeka wangu niliouanza ninao humu, nasuka ukili. Chakula Maryam ananipitishia dirishani. Mwinyijuma kaondoka saa sita, Abass kanuna yuko barazani ananitazama, nami namtazama.

Tuhfa kaniona humu ndani kafurahi sana. Anamwambia kila mtu bibi kamkalia baba mapajani.

Sitoki mpaka nipate barua yako. Natoka kusali tu, na nikitoka ufunguo nautia kwenye pindo la kanga.

M. binti Kombo


Pongwe
5 Juni 1995

Mume wangu,

Barua imefika! Mbili mkononi mwangu siku moja, yako na ya Maryam. Yake sikuisoma, ingawa aliisomea jikoni akaunguza maharage, kwa hiyo najua ilikuwa nzuri. Sisi wazima. Mvua zimepungua, mahindi yamesimama. Nimeshatoka garini, nimelala kitandani kwangu, mgongo unashukuru.

Kuhusu tasbihi umenikosea adabu, lakini umesema kweli, kwa hiyo nimeiacha ndani.

Safari hii nimefanya kama ulivyosema. Nimemtoa kila mtu dirishani, nimembakisha Ernesti tu, na nimemwekea sharti avue kofia. Abass kazungusha ufunguo kwa uso wa mtu anayekunywa mwarobaini. Mimi mikono mitupu, nimeikalia isije ikahesabu yenyewe.

Likakonyeza. Moja. Kimya kidogo. Moja. Kimya kirefu. Nikasema moyoni, limechoka. Likaanza tena. Moja. Kimya kidogo. Moja. Kimya kirefu. Nimekaa nalo mpaka miguu ikafa ganzi, neno lake ni hilo hilo halibadiliki. Ernesti naye kaona. Tumetazamana. Nikamwuliza, "Umehesabu ngapi?" Akasema, "Moja na moja, Bibi." Nikamwambia, "Na mimi moja na moja." Fadhil, tulishikana mikono kama watu waliopatana baada ya kesi!

Sasa nikwambie la saini, nimeshapoa. Unasema huwezi kurudi mikono mitupu watu watakucheka. Watu gani? Hawa wa Pongwe? Mimi nimepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri miaka ile ya shida, nikarudi na kipande kimoja, nikakuogesha nacho wewe, mimi nikajisugua na majani ya mpapai. Walinicheka? Walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Mtu harudi kwao kwa sababu ya gari, Fadhil. Lakini najua kichwa chako kimetoka kwa babu yako, hakipenyezwi maneno mpaka kioneshwe kitu. Basi tutakionesha.

Moja na moja ni nini? Jibu mbio. Abass kanipa mpaka mwisho wa Juni, nikamwambia kalenda ni ya serikali si yake.

Bibi


Sharja
18 Juni 1995

Bibi yangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Siulizi mahindi wala mbuzi, nitauliza nikitulia. Moja na moja! Naandika mbio, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa Ernesti.

Bibi, moja na moja maana yake ubongo wa gari haupati umeme wa kuutosha. Haujafa! Una njaa! Unafanya kazi, kisha umeme unapungua kabla ya kuufikia, unazirai, ukizirai injini inazima. Ndiyo maana taa kubwa zikiwaka linataka kufa, taa zinakula kile kidogo kilichokuwepo. Ndiyo maana honi inakohoa. Ernesti kakuuzia maiti, kumbe ni mtu aliyekosa uji tu.

Betri ni mpya, basi umeme upo, unapotea njiani. Nadhani unapotea kwenye athi. Athi ni ule waya mnene mweusi unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa nati kwenye bati la gari. Umeme unatoka kwa waya mwekundu ukafanye kazi, na njia yake ya kurudi betri ni hiyo nyeusi. Njia ya kurudi ikiziba, hata kule kwenda hauendi sawasawa.

Msinisadiki, pimeni. Ernesti achukue globu ya taa ya nyuma, aifunge waya mbili. Muwashe taa kubwa za gari ili ile njaa yake ionekane. Waya mmoja wa globu aushike kwenye nguzo ya betri yenye alama ya kujumlisha. Wa pili aguse nguzo nyingine ya betri, mtazame mwanga. Kisha huo wa pili autoe pale, aguse bati la gari mahali pasipo na rangi. Mwanga ukibaki ule ule, mimi mwongo. Ukififia, athi ndiyo mwizi. Mfungue nati, mtazame chini yake. Mkikuta unga wa kijani na mweupe, sugueni mpaka chuma na shaba ving'ae, na waya ukiwa umeliwa badilisheni. Ila kwanza mfungue waya za betri, zikae wazi muda wa kupika wali, ili gari lisahau ugonjwa wa zamani. Kisha liulizeni tena: jicho likipepesa mfululizo bila pumzi, limepona.

Lakini kuna jambo linanisumbua, Bibi. Gari hili nililitazama mwenyewe chini na juu kabla ya kulipakia. Athi yake ilikuwa safi. Shaba hailiwi kwa wiki chache hivyo. Niliona hali hiyo hapa kwenye magari ya watu wanaovuta boti kutoka majini, yanayokanyaga bahari. Pongwe bahari iko mbali. Nimerudi kwenye barua yako ya kwanza. Umeandika, "likaogeshwa likaogeka." Liliogeshwa kwa maji gani?

Tajiri kaniwekea karatasi ya mkataba mezani. Nimemwambia nangoja barua ya bibi yangu. Kanitazama kama mwendawazimu.

Fadhil


Pongwe
11 Julai 1995

Mume wangu Fadhil,

Barua hii nampa Loveness, yule binti aliyekuwa akiuza maandazi stendi ya Muheza, siku hizi anaruka na ndege kufuata mabeseni na mapazia Dubai. Kaapa ataileta mpaka mlangoni kwako. Akikukabidhi mpe maji ya baridi na umwambie asante kwa adabu.

Marahaba zote tatu. Mahindi tumevuna, mbuzi yu hai, kala na upindo wa barua yako. Presha yangu imepimwa, nesi kasema imeshuka, kauliza nimetumia dawa gani. Nikamwambia nimekaa garini.

Sasa kaa chini usome.

Ernesti kaifunga globu yake. Abass kawasha taa kubwa. Waya mmoja kwenye nguzo ya kujumlisha, wa pili kwenye nguzo nyingine, globu ikawaka fwaa, ikatuumiza macho. Nikasema, "Haya, sasa kwenye bati." Ernesti kagusa bati. Fadhil, globu ilinyong'onyea ikawa kama kibatari kinachoramba tone la mwisho! Kairudisha kwenye betri, fwaa. Kwenye bati, tone. Nilipiga kigelegele mpaka Maryam akaja mbio na mwiko akidhani nimeanguka. Abass alikuwa amerudi barazani kakunja nne, akaikunjua, akaja. Kagusa mwenyewe. Betri, fwaa. Bati, tone. Akasema, "La ilaha!" Nikamwambia, "Sasa umeupima mapigo."

Nati haikufunguka kwa spana mpaka ilipomwagiwa mafuta. Ilipotoka, pale chini pamejaa unga wa kijani, kama sinia la shaba lililosahaulika na achari ndani. Ernesti katoa msasa. Nikamwambia huo weka kwa bati, shaba niachie mimi, nimesugua masinia ya maulidi miaka arobaini. Ndimu na majivu, kisha maji safi ya kisima, kisha jua, kisha kitambaa kikavu. Ikang'aa ukajiona meno. Lakini waya wenyewe, tulipomenya mpira wake, ndani umebaki nyuzi chache tu, nyingine zimekuwa unga. Haufai.

Unajua wa badala nimeupata wapi? Nimekwenda kwa Mwinyijuma! Kanzu ile ile. Nikamwambia, "Ulitaka gari langu zima. Basi toa waya mmoja tuishie hapo." Akacheka mpaka akafuta machozi, akaenda mwenyewe kwenye mizoga yake, akaurudisha waya mnene, mzima, kauviringisha kwenye gazeti. Kasema, "Bibi, likifufuka nipakie siku moja." Si mtu mbaya. Njaa yake tu ni ya milango ya magari.

Wakafunga, wakapaka grisi. Betri tuliiacha wazi muda wa wali, na wali nikaupika kweli, wa nazi, ili muda usipungue.

Kisha tukaliuliza tena. Nikachomeka ule waya wa redio. Abass kazungusha ufunguo. Jicho likaanza kupepesa, pe pe pe pe, halina pumzi fupi wala ndefu, mfululizo, kama jicho la mtu aliyeletewa habari njema! Ernesti kasema hiyo ndiyo kusema sina ugonjwa. Nikachomoa waya. Nikasema, "Washa." Fadhil, halikukohoa! Liliitika mara moja! Taa kubwa zikawashwa, injini haikujali. Honi ikapigwa, kuku wakaruka juu ya bati la jikoni. Tulipakia wote, mimi mbele, tukapanda kilima cha kwenda Muheza na taa mchana kweupe, Ernesti anapiga kofi mlango, Abass anaendesha analia, kasema ni vumbi. Vumbi na mvua zile za jana!

Umeuliza maji gani. Maji ni maji. Swali hilo usilirudie. Ernesti naye kaniuliza mbona chini ya sinia la betri kuna mchanga mweupe wa pwani, nikamwambia afunge nati yake. Nimeshatoa amri hapa nyumbani kwamba kuanzia leo gari lolote litakaloingia uani kwangu lisomewe, lifukizwe, na kama lina nuksi za safari liogeshwe kwa maji ya kisima, boneti ikiwa imefungwa. Wanaosema mawimbi saba ya bahari ndiyo yanayoondoa nuksi wakaoge wao wenyewe. Yaliyokwisha yamekwisha, na Maryam anayecheka jikoni saa hii namwona.

Sasa la mwisho, na ndilo la kwanza.

Leo asubuhi gari linanguruma uani, linapashwa moto. Tuhfa katoka, kanawa uso, kasimama mbele ya taa, mikono nyuma. "Shikamoo baba." Akangoja. Gari linanguruma. Mtoto akanigeukia, akasema, "Bibi, baba amepona. Mbona haitiki?"

Mimi nina jibu la kila mtu, Fadhil. La Mwinyijuma ninalo, la nesi ninalo. La huyo unalo wewe.

Gari limeshaonyeshwa. Kichwa chako hakina tena pa kujificha. Ile karatasi iliyo mezani kwa tajiri usiitie saini, mrudishie na kalamu yake. Maulidi ni mwezi ujao, Abass atakuja kukupokea na gari lako, na mimi nitakaa mbele kwa hiyo wewe utakaa nyuma. Njoo umwitikie mwanao marahaba.

Bibi yako,
Mwanasiti binti Kombo